Shilingi Zilizorudi kwa Gichovi

Githongo
12 Januari 2025

Mpendwa Karwirwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanafunzi wako wa darasa la nne. Sisi tu wazima. Mama yako mkubwa Gladys anakusalimu, na anasema goti lake limetulia tangu alipoacha kupanda ule mteremko wa kiwanda cha kahawa akiwa na debe kichwani. Kuchuma tumemaliza, sasa tunapogoa. Ndama aliyezaliwa siku mlipokuja ni jike. Amekataa ndoo, maziwa anayanywa tu akiwa amepewa kidole cha Gladys anyonye.

Umeniomba niwe nikikujibu kwa ujumbe wa simu. Sitafanya hivyo. Jambo la ndoa huandikwa kwa kalamu na kutiwa sahihi, ili mtu asije akasema kesho kwamba hakusema. Ninaandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho. Usidhani ninakupigia kelele.

Nianze na shukrani. Gichovi, kijana uliyemleta kwetu baada ya Krismasi, aliniwekea katika simu ile programu iitwayo Somea. Unaupiga picha ukurasa wa kitabu, nayo inausoma kwa sauti. Miaka miwili sasa, tangu ukungu uingie machoni mwangu, nilikuwa nimevifungia vitabu vyangu kabatini kama vyombo vya wageni. Siku ya mwaka mpya nilisikiliza kurasa kumi na tisa. Msomaji ni mwanamke mwenye haraka kidogo, lakini Kiswahili chake kina adabu.

Tena nilimsifu kijana kimoyomoyo kwa kuja mikono mitupu. Kumbe kuna vijana ambao bado wamefunzwa. Unajua desturi ya nyumba yetu: mchumba hampi mzee wa msichana kitu chochote kabla ya mazungumzo ya mahari. Kinachopita bila mshenga huitwa cha kufunga mdomo, na mzee aliyekipokea huondolewa kitini.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe tatu mwezi huu shilingi mia nne na tisini zilitoka katika akaunti yangu ya simu kwenda kwa Somea. Hakuna aliyeniambia kwamba programu hiyo ina malipo. Gichovi alikaa na simu yangu saa nzima pale sebuleni, nami nikimmiminia chai. Simshtaki. Ninauliza.

Tangu ndugu yangu Mutwiri, baba yako, atutoke, mimi ndiye nitakayeketi mahali pake watu wa Embu, jamaa za Gichovi, watakapokuja kuzungumza mahari mwezi wa Agosti. Siwezi kuketi mahali hapo nikiwa na swali moyoni. Nijibu.

Baba yako mkubwa,
Mithika

*

Embu
2 Februari 2025

Baba mkubwa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na mama mkubwa. Barua yako ilinifikia Alhamisi, siku ya kumi na nane tangu ulipoiandika. Karani wa posta alisema ilipitia kwanza shule nyingine. Mimi ni mzima. Wanafunzi wangu ni sitini na mmoja, na madawati ni ishirini na manne, kwa hiyo ninafundisha huku nikipatanisha viwiko. Nimefurahi kusikia habari za ndama.

Nilimuuliza Gichovi swali lako kama ulivyoliandika. Alikuwa amerudi kutoka upande wa Mbeere, ambako alikuwa akitengeneza pampu ya kisima. Alisema, "Hapana, sikuchukua kitu." Kisha akauliza, "Lakini inamsomea vizuri?"

Nimechunguza habari ya hizo 490. Zilikatwa na duka la programu, yaani lile duka lililomo ndani ya simu yenyewe. Mtu akilipia Somea kupitia duka hilo, anayemkata ni duka, na anayeweza kumrejeshea ni duka. Somea wanapelekewa chao baadaye, na wao hawana mkono ndani ya sanduku la duka. Ukiomba kabla ya saa arobaini na nane kupita, duka la simu yako hurejesha bila maneno mengi. Baada ya hapo ni kubembeleza. Winrose, mwalimu mwenzangu, ana simu ya aina nyingine. Duka lake halina haraka kama hiyo. Waliwahi kumrejeshea pesa baada ya mwezi mzima, lakini ni baada ya kumhoji kama mtoto aliyepoteza kalamu.

Ombi langu ni moja: usiifute programu ukidhani umemaliza. Kuifuta hakuzuii malipo. Ni lazima uingie dukani, kwenye orodha ya malipo yako, na useme kwamba hutaki tena.

Na kama unakumbuka, baba mkubwa, ulikuwa ukifanya nini na simu tarehe tatu?

Mwanao,
Karwirwa

*

Githongo
23 Februari 2025

Mpendwa Karwirwa,

Tu wazima, isipokuwa goti la Gladys limerudia. Amelaumu baridi, mimi nimelilaumu debe, ambalo nimegundua bado analibeba nikiwa kanisani. Ndama amekubali ndoo.

Barua yako ilikuja nikiwa nimekwisha kuifuta programu. Niliifuta tarehe kumi na tano Januari, mbele ya Gladys, nikasema, "Imekwisha." Tarehe tatu Februari simu ikakatwa mia nne na tisini nyingine. Yaani ninalipia kitu ambacho sinacho.

Sikukaa kimya. Nilimwendea Kaimenyi, yule niliyemfundisha, ambaye siku hizi ana duka la kuchapa na kutuma barua pepe hapa sokoni. Nilimpa barua ya kurasa mbili niliyowaandikia Somea. Akaitazama, akasema, "Mwalimu, hii ni barua au ni mtihani? Una vipengele hadi 'f'."

"Chapa kama ilivyo," nikamwambia.

"Hata hapa uliposema 'Jibuni maswali yote'?"

"Hasa hapo."

Walijibu kwa siku mbili, na lazima niseme, walijibu kwa heshima. Sasa soma kwa makini, kwa maana maneno haya nimeyanakili neno kwa neno. Waliandika kwamba wameona usajili wa mwaka mzima uliofunguliwa katika tovuti yao tarehe tano Januari, kwa jina langu na nambari yangu ya simu. Ulilipiwa shilingi elfu tatu mia tisa na haujatumika hata siku moja. Wakasema malipo ya tovuti hupokelewa na wao wenyewe, na kwamba ndani ya siku sitini za kwanza humrejeshea pesa zote mtu asiyeridhika. Kwa hiyo wamezirejesha. Zimerejeshwa kwenye kadi ya benki iliyolipa.

Jina lililo kwenye kadi hiyo ni Gichovi.

Nimelisoma jina hilo kwa lenzi. Nimemfanya Kaimenyi anisomee. Jina ni Gichovi.

Mimi ndiye niliyekatwa pesa. Mimi ndiye niliyelalamika. Pesa zikarudi, zikaenda kwake. Mtu anayeweza kupanga jambo kama hili akiwa anakunywa chai yangu ana akili, sikatai, lakini si akili ninayotaka ikae nawe nyumba moja. Sitaketi mahali pa baba yako mwezi wa Agosti. Mzee Mutuma, jirani yetu, ni wa ukoo, si wa nyumba yetu. Hawezi kuketi badala yangu, na unalijua hilo. Waambie watu wa Embu wasinunue asali ya mahari.

Kuhusu tarehe tatu, sikumbuki.

Mithika

*

Embu
9 Machi 2025

Baba mkubwa,

Salamu kwako na kwa mama mkubwa. Nimemtafutia dawa ya kuchua goti. Nitaituma pamoja na barua hii kwa kampuni ya vifurushi, mkaichukue Meru mjini. Asubuhi na jioni, asipake penye jeraha. Huku mawingu yamekuja lakini mvua bado. Nimepandishwa cheo kidogo: sasa mimi ndiye msimamizi wa ufunguo wa stoo ya vitabu.

Nimeisoma barua yako mara nne. Gichovi hakuiba. Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo si langu kulisema, nami niliahidi kutolisema.

Ninaloweza kusema ni hili. Kulikuwa na malipo mawili, na hayafahamiani. Moja lilipita katika duka la simu yako. La pili lilipita katika tovuti ya Somea. Ulipowaandikia Somea walitazama kitabu chao, wakaona lile la tovuti tu, wakalifuta hilo. Lile la duka hawakuliona na wasingeweza kuligusa. Bila shaka tarehe tatu Machi umekatwa tena. Utakatwa pia tarehe tatu Aprili usipoingia dukani. Nenda kwa Kaimenyi, tafadhali, umwambie akuonyeshe orodha ya malipo ndani ya duka.

Sijawaambia watu wa Embu kitu chochote.

Karwirwa

*

Githongo
12 Aprili 2025

Mpendwa Karwirwa,

Mvua imetupata. Imeng'oa mgomba mmoja na kuangusha ua wa upande wa Mutuma, naye anasema ni kosa langu kwa sababu mgomba ulikuwa wangu. Goti la mama yako mkubwa linakushukuru. Harufu ya ile dawa imeenea nyumba nzima hadi kwenye sukari.

Sikwenda kwa Kaimenyi mwezi wa Machi, kwa ukaidi. Ninakiri. Nilikwenda tarehe nne Aprili, siku moja baada ya kukatwa mara ya nne, na nilikwenda kwa sababu Gladys alisema, "Mzee, kama unataka kumlisha Somea kila mwezi, basi tumpe na jina la ubatizo."

Kaimenyi aliingia ndani ya lile duka, akaipata orodha. Jina la Gichovi halikuwamo. Alikuwamo Mithika peke yake. Kaimenyi akasoma: tarehe tatu Januari, saa kumi na mbili jioni, malipo yamethibitishwa kwa nambari ya siri. Akanigeukia. "Mwalimu, nambari yako ya siri anaijua nani?"

Nilimwambia afanye kazi iliyomleta dukani.

"Duka ni langu, mwalimu," akasema, lakini akaendelea. Akasitisha usajili, kisha akaomba kurejeshewa. Zile za Januari, Februari na Machi duka lilikataa, muda ulikuwa umepita. Ile ya Aprili ilikuwa ndani ya saa arobaini na nane, wakakubali. Siku ya tatu shilingi mia nne na tisini zikaingia. Nilikuwa nimeshika simu wakati huo. Ziliingia katika akaunti yangu ya simu, kule kule zilikotoka.

Hapo ndipo nilipoketi chini.

Karwirwa, nimefundisha watoto miaka thelathini na minne kwamba hoja ifuatwe hadi mwisho hata kama mwisho wake haupendezi. Pesa zangu zilirudi kwangu kwa sababu zilitoka kwangu. Basi zile elfu tatu mia tisa, ambazo zilirudi kwenye kadi ya Gichovi, zilitoka wapi? Tena nilipitia taarifa za akaunti yangu zote, Kaimenyi akinisomea. Elfu tatu mia tisa hazikuwahi kutoka kwangu. Hazimo.

Nimekaa na jambo hili siku tano. Sitaki uniambie kwamba si lako kulisema. Ninakuuliza kama mtu anayeketi mahali pa baba yako: Gichovi alinilipia usajili wa mwaka mzima kutoka mfukoni mwake, bila mshenga, kabla ya mazungumzo? Jibu ndiyo au hapana. Nikishajua ndipo nitakapojua kama ninaweza kuketi.

Baba yako mkubwa,
Mithika

*

Embu
27 Aprili 2025

Baba mkubwa mpendwa,

Nakusalimu, nawe nisalimie mama mkubwa. Shule zimefungwa na nina wakati wa kuandika vizuri.

Ndiyo.

Nilimsomea Gichovi barua yako, naye akanifungua ile ahadi. Sasa nitakueleza yote. Siku mliyoketi sebuleni aliona jinsi ulivyousogeza uso karibu na karatasi, hadi pua ikaigusa. Alikuwa amekuwekea Somea kwa zile siku saba za bure. Alijua zikiisha itadai malipo. Alisubiri mshahara, na tarehe tano akalipia mwaka mzima katika tovuti, kwa kadi yake, akikusudia kuja Februari kuunganisha usajili ule na simu yako na kusema kwamba programu imekuwa ya bure kwa walimu wastaafu. Hakujua kwamba tarehe tatu malipo mengine yalikuwa yamekwisha kupita katika duka la simu.

Desturi ya nyumba yetu aliijua. Mimi mwenyewe nilimwambia tukiwa njiani kuja kwenu, ndiyo maana hakubeba hata sukari. Lakini alisema macho ya mtu hayawezi kungoja Agosti.

Alinieleza haya ulipoandika kuhusu kadi. Nilimwambia, "Basi tumwambie mzee kweli, ajue wewe si mwizi." Akakataa kabisa. Nakumbuka alikuwa akinawa mafuta ya pampu. Akasema, "Nikiitwa mwizi, jina litaniishia mimi, nami bado kijana, nitalifuta. Lakini wazee wenzake wakisikia alikula kitu cha mchumba, watamwinua kitini mbele ya watu, na hajala kitu. Nyamaza, Karwirwa." Nikanyamaza. Iliniuma, na iliniuma zaidi ulipoandika habari ya asali, kwa sababu babake alikuwa amekwisha kuinunua.

Zile elfu tatu mia tisa hajazigusa.

Kuhusu nambari ya siri, sitauliza.

Mwanao,
Karwirwa

*

Githongo
25 Mei 2025

Mpendwa Karwirwa,

Sisi tu wazima na mvua imekuwa ya kiasi. Kahawa ya mapema imeanza kuwiva. Siku hizi Gladys ndiye anayenisomea baada ya chakula cha mchana. Anasoma vizuri ila anaziruka aya asizozipenda, na kitabu cha kurasa mia mbili tumekimaliza kwa siku sita.

Hukuuliza, kwa hiyo nitasema. Tarehe tatu Januari nilikuwa nikisikiliza habari za uchaguzi wa machifu wa zamani, na mwanamke wa Somea akanyamaza katikati ya sentensi. Kwenye simu pakawa na kitufe cha kijani kilichoandikwa "Endelea kusoma". Nikabonyeza. Simu ikataka nambari ya siri. Nilidhani ni kama maktaba, ambako mtu hutia sahihi kwenye daftari ndipo apewe kitabu. Nikaiandika nambari yangu kwa kidole changu. Sauti ikaendelea, nami nikaimaliza sura. Nilipoona ujumbe wa kukatwa nilijua, Karwirwa. Nilijua tangu siku ile. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwambia Gladys kwamba kuna mtu aliyeichezea simu yangu, na kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi kusema. Nikaacha kijana abebe.

Nilimwambia Gladys kwanza. Aliweka kitabu chini, akasema, "Nilikuona ukibonyeza. Nilikuwa nangoja useme." Miezi mitano!

Kisha nikawaita Mutuma na wazee wengine wawili, kwa sababu jambo hili haliwezi kumalizwa na mimi niliye ndani yake. Niliwaeleza yote, pamoja na malipo ya tovuti. Mutuma akaninyooshea fimbo. "Ulipokea nini kwa mchumba?"

"Kusomewa."

"Kusomewa nini?"

"Kurasa. Lakini nilizosomewa nililipia mwenyewe dukani. Zile za mchumba hazikufunguliwa, na pesa zake zilirudi kwake kwa barua yangu mwenyewe." Nikawapa barua ya Somea.

Wakaipitisha mkono kwa mkono. Mzee mmoja akauliza kama huyo Somea ni mtu wa huku kwetu Imenti. Mwisho Mutuma akasema, "Kilichorudi bila kuonjwa hakikuliwa. Utaketi." Nikashusha pumzi. Akasema, "Sijamaliza. Ulimwita mwenye haki mwizi, na kosa ulilijua ni lako. Kwa hilo utatoa mbuzi, tumle wote siku ya Agosti, na watu wa Embu waambiwe mbuzi huyo ni wa nini."

Nikaomba wasiambiwe. Wakakataa. Mbuzi nimekwisha kumchagua.

Katika bahasha hii kuna bahasha nyingine iliyofungwa. Ni ya Gichovi. Usiifungue, ni maneno ya mwanamume kumwomba mwingine radhi.

Na Mutuma ameniagiza jambo moja zaidi. Mshenga wao atakapopelekewa orodha ya tunachotaka, baada ya kondoo jike, asali na blanketi ya Gladys, patakuwa na mwaka mmoja wa Somea. Kitu hicho kipitie kwa mshenga, kitamkwe mbele ya watu, nami nitakipokea kwa mikono miwili.

Baba yako mkubwa,
Mithika

*

Embu
15 Juni 2025

Baba mkubwa mpendwa,

Salamu nyingi. Barua hii ninaiandika kwa furaha, kwa hiyo usinihukumu kwa mwandiko.

Gichovi aliipokea bahasha akiwa karakanani, mikono yote mafuta. Hakutaka kuichafua. Akaniambia niifungue na nimshikie karatasi mbele ya macho bila kutazama, nami nikaishika nikitazama ukuta, ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Alisoma polepole. Alipomaliza akasema, "Mwandishi huyu ana herufi kubwa," kisha akatoka nje, akarudi baadaye akiwa amenawa uso.

Mshenga wao, mzee Njeru, alipewa orodha. Alifika kwenye Somea akauliza, "Huyu ni mnyama gani, na anakula nini?" Babake Gichovi akajibu, "Anakula vitabu. Andika tu." Felicitas, dadake Gichovi, alicheka hadi akakaa chini.

Gichovi anauliza alipie wapi, dukani au tovutini. Nimemwambia tovutini, ili kukiwa na kasoro tuwaandikie wenye Somea wenyewe, maana umeona jinsi wanavyojibu. Anasema pia una haki ya kuwadai ndani ya siku sitini usiporidhika na msomaji. Nimemjibu kwamba hutaridhika naye, lakini hutadai.

Wamekubali tarehe kumi na sita Agosti.

Mwanao,
Karwirwa

*

Githongo
3 Agosti 2025

Mpendwa Karwirwa,

Barua hii ninaipeleka Meru mjini mwenyewe kwa kampuni ya vifurushi, ili isichelewe. Sisi tu wazima. Gladys amesafisha nyumba mara tatu na sasa anataka kusafisha kitalu cha miche. Ua wa Mutuma nimeusimamisha upya kwa mikono yangu, tumepatana. Viti arobaini vya kanisa vimeahidiwa.

Nimeandaa hotuba. Usiogope, ni ya ukurasa mmoja, na Gladys ameikata ikawa nusu.

Kuna jambo moja ambalo angelifanya baba yako, na ambalo sasa ni langu. Kabla hatujagusa kitu cha watu wa Embu nitasimama, nitakuita kwa jina, nami nitakuuliza mbele ya wote kama tunywe asali yao. Wasichana wengi siku hizi hutazama chini na kutabasamu, na watu wanalichukua tabasamu kuwa jibu. Mimi sitalichukua. Macho yangu hayatauona uso wako kutoka pale nitakaposimama.

Kwa hiyo sema kwa sauti. Ukisema hapana, kondoo, asali na blanketi vitarudi Embu jioni ile ile, hakuna atakayekuuliza sababu, nami nitasimama kati yako na atakayethubutu kuuliza. Ukisema ndiyo, tutakunywa.

Chukua muda wako kujibu. Nitangoja nimesimama.

Baba yako,
Mithika